Nyumba Tupu Haili Umeme

"Basi niambie, umeme wote huo nimeula na mchuzi gani?" nikasema.

"Usinijibu hivyo," baba akasema.

"Sijajibu. Nimeuliza."

"Mama Mipango, unamsikia mwanao?"

"Namsikia," mama akasema kutoka jikoni. "Na majirani wanamsikia. Na wewe wanakusikia. Hata majina yetu hawajayashika, lakini deni letu wanalijua."

Baba alikuwa amesimama juu ya godoro katikati ya sebule, maana hakukuwa na pengine pa kusimama. Mkononi ameshika bili ya umeme ya nyumba tuliyohama. Bili ya mwisho, ile ya kuagana. Kwa kiasi kilichoandikwa pale ungenunua ng'ombe, na kamba yake, na mtu wa kumchunga.

Kama umenikuta leo, mimi ndiye yule niliyemaliza shule nikafuga vifaranga, wakaliwa na paka niliyemnunua awalinde na panya. Nikaingia kwenye kung'arisha viatu, nikampelekea bwana harusi cha kushoto na cha kushoto. Nyumbani wananiita Mipango. Mara ya mwisho niliwaacha tunahama, sofa imekwama mlangoni, baba anasukuma, mimi navuta, mama anaomba dua. Sofa ilishinda. Mpaka leo iko barazani. Mgeni akija anakaa kwenye sofa nje, sisi wenye nyumba tunakaa ndani kwenye maboksi.

Tuendelee na ugomvi.

"Wewe ndiye ulikuwa unaomba ufunguo wa nyumba ile," baba akasema. "Ulisema unataka kufungua nini vile?"

"Studio."

"Haya. Umesikia, Mama Mipango? Studio."

"Na ulininyima ufunguo," nikasema. "Sasa niliingia kama nani, moshi?"

"Simjui mtu mwingine mwenye akili za kuingia nyumba tupu na kuwasha kila kitu."

"Nyumba tupu ina kitu gani cha kuwasha?"

Hapo baba akaikunja bili, maana lile lilikuwa neno lake mwenyewe. Siku tuliyohama, ofisi ya umeme ilimwambia alipie kidogo waje kukata ule umeme wa zamani. Akakataa. "Nilipe ili nisitumie?" alisema. "Nyumba tupu haili umeme. Siku wakija kusoma mita wataikuta imelala."

Wamekuja. Wameikuta inakimbia.

"Wasipolipwa Jumatatu wanakata na huku," baba akasema, na macho yake yakapanda taratibu mpaka kwenye rafu ya jikoni.

Pale juu kuna kopo la majani ya chai. Ndani yake hakuna chai. Mama anashona sare za shule, na kila sare ikitoka, kopo linaonja. Ni ada yangu ya udereva. Jumatatu hiyo hiyo ndiyo naanza. Nimeshaota nakata kona mpaka mdogo wangu ninayelala naye chumba kimoja amelalamika kwamba nampiga gia mgongoni.

Mama akayaona macho ya baba yanapopanda. Akajisogeza mbele ya rafu, mwiko mkononi.

"Hilo kopo halifunguki," akasema, "mpaka nijue aliyekula umeme ni nani. Kama ni Mipango, nitalishusha mwenyewe. Kama siye, usilitazame tena, Baba Mipango. Hata kwa jicho la pembeni."

"Na tutajuaje?"

"Si aende akaangalie? Miguu anayo. Jioni atuletee jibu."

Nikavaa viatu. Vyote viwili, cha kulia na cha kushoto. Nimejifunza.

Kabla sijafika huko, lazima niwaambie habari za swichi.

Baba yangu mtaa mzima ulimwita Zima Taa. Ukiingia chooni usiku, ukikohoa tu, taa imezimwa, anajua umemaliza. Mtihani wa mwisho nimeusomea kwenye mwanga wa jokofu, nafungua mlango nasoma mstari, nafunga. Kauli yake ni moja: usichokijua, kizime.

Na kwenye korido ya nyumba ile, nyuma ya mlango, kulikuwa na swichi moja ambayo hakuna aliyeijua. Kubwa, nyekundu kama pua ya mlevi. Ukiibonyeza chini, hakiwaki kitu. Ukiirudisha juu, hakizimiki kitu. Swichi zote za nyumba ile juu ni kuzima, chini ni kuwasha. Kwa hiyo baba akatoa amri: ile ikae juu.

Shida ilikuwa Kidole. Kidole ndiye huyo mdogo wangu, kitinda mimba, na kidole chake hakijawahi kuona kitufe kikakipita. Ile swichi ilikuwa na mlio mtamu, ta. Kila asubuhi akienda shule anaibonyeza chini, ta, anaondoka anacheka. Kila jioni baba akirudi anaikuta iko chini. Anaipandisha juu, halafu anamtafuta Kidole, na Kidole anapata kofi lake la siku.

"Umeme wote wa nyumba hii unavujia hapa," baba alikuwa akisema. Miaka nenda miaka rudi.

Siku ya kuhama aliipandisha kwa mara ya mwisho. Akaigandisha na solotepu, safu juu ya safu, asije mtoto wa mtu akaichezea. Akakata kipande cha boksi, akaandika kwa mkono wake: IMEZIMWA. USIGUSE. Akasimama mbele yake kidogo, mikono nyuma, kama mtu aliyetoka kuzika.

Sasa twende.

Nilipokaribia nyumba ya zamani nikaona watu wamejipanga ukutani na taulo mabegani. Nikajua kuna msiba. Nikapunguza mwendo, nikaweka uso wa huzuni.

"Pole sana," nikamwambia wa mwisho kwenye mstari. "Amefariki nani?"

"Panga foleni," akasema.

Mlangoni kwenye kigoda alikaa Bibi wa Juu, mwenye nyumba wetu, aliyekuwa akikaa ghorofani peke yake tangu mumewe afariki. Kigoda chenyewe ni kile mama alichokililia kwamba wabeba mizigo wamekiiba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umenenepa. Unaoga mwili mzima au miguu tu?"

"Bibi?"

"Miguu nusu bei."

Ikabidi nichuchumae ili nielewe vizuri.

"Maji ya moto," akasema, na uso wake ukang'aa. "Marehemu mume wangu aliniachia dude juu ya paa linalochemsha maji kwa jua. Wakati nyinyi mnakaa hapa chini, maji yalikuwa ya moto alfajiri tu. Ikifika mchana, baridi. Nikasema moyoni, hawa wapangaji wana baridi, lakini sikutaka kuwaambia, mngejisikia vibaya. Mlipohama tu, mjukuu wangu, maji moto asubuhi, moto mchana, moto usiku. Nikasema hii ni riziki, mbona naoga peke yangu?"

"Hata usiku, bibi? Jua la usiku?"

"Jua likizama unafikiri linaenda wapi? Linaingia kwenye bomba."

"Juzi mvua ilinyesha kutwa nzima."

"Mvua nayo si maji? Yanasaidiana."

Kwenye foleni kuna mzee akaitikia kwa kichwa, kama amesikia jambo la elimu.

"Bibi," nikasema taratibu, "huna wasiwasi labda ni umeme?"

"Mimi na umeme wapi na wapi? Mimi huko juu nina taa moja na redio. Bili yangu ukiiona utaicheka."

Sikucheka. Nikamwomba niingie nichungulie tulikokuwa tunakaa, nimepakumbuka. Akaniruhusu. Sebule yetu ilikuwa imepangwa mabenchi, ndiyo chumba cha kusubiria. Chumba changu kilikuwa cha kuvulia nguo, kimeandikwa WANAUME. Nikapita mpaka kwenye korido, nikavuta mlango.

Swichi ilikuwepo, nyekundu, juu, solotepu na kila kitu. IMEZIMWA. USIGUSE.

Nikaiangalia. Nayo kama inaniangalia. Nikamkumbuka Kidole na mlio wake.

Nikabandua solotepu. Nikaibonyeza chini. Ta.

Nikakaa kwenye benchi na wengine, nikaazima gazeti. Akapanda ghorofani kuoga wa kwanza, akashuka anaimba. Akaingia wa pili, akatoka amekunja uso. Akaingia wa tatu. Halafu ukatoka ukelele uliowafanya watu wote pale benchini wakumbatie taulo zao.

Akashuka ngazi mtu wa miraba minne, mapovu ya sabuni kuanzia utosini mpaka visigino, macho ameyafumba, mkono mmoja unapapasa ukuta na mwingine umeshika taulo lisilomtosha.

"Nani kazima jua?" akasema.

Mimi nilikuwa nimeinua gazeti mpaka kwenye nywele.

"Nimeuliza kwa upole. Nani kazima jua?"

"Mjukuu," Bibi wa Juu akaita kutoka mlangoni. "Umegusa nini huko?"

Nikaenda kwenye korido kama mtu aliyebanwa na haja. Nikaipandisha ile swichi juu, nikaibandika solotepu yake, nikaipiga makofi mawili ishike. Nilipogeuka bibi alishafika, anachungulia.

"Nilikuwa nasoma tangazo la baba," nikamwambia.

"Lisome, lakini usiguse. Nyumba ni yangu, ila hiyo swichi sijawahi kuitia mkono. Baba yako amekataza, na baba yako ni mtu wa maana. Msalimie. Mwambie siku yoyote akija, yeye aoge bure."

Njiani nilicheka peke yangu mpaka mbwa mmoja akanipisha. Nilikuwa nimepona. Kopo limepona. Jumatatu usukani.

Nilipofika nyumbani, barazani kwenye sofa yetu alikuwa amekaa Baba Mkubwa, kaka yake baba. Mtu wa maneno machache na matofali mengi; ana tanuru lake nje ya mji. Mguuni amevaa mabuti ya mpira. Pembeni yake kwenye sofa kuna mabuti mengine, mapya, bado yana karatasi ndani.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Hebu weka mguu hapa karibu na wangu."

Nikauweka.

"Tunalingana," nikasema.

"Nilijua," akasema, akatazama mbele.

Nikaona hiyo ni zawadi. Nikaingia ndani na furaha mbili.

Jua lilikuwa halijazama na taa ya sebuleni inawaka. Aliyeiwasha ni baba, na alikuwa amekaa chini yake. Hapo nikajua mambo ni mazito.

"Haya," mama akasema. Alikuwa bado na mwiko. "Nani?"

Nikaeleza. Foleni, taulo, jua la bombani, mtu wa mapovu. Nikafika kwenye swichi nikapunguza sauti, kwa heshima.

"Juu ni kuzima," baba akasema.

"Kwa ile, juu ni kuwasha. Dude la bibi linakula kwenye mita yetu, na fundi aliifunga swichi yake kichwa chini."

"Swichi zote za nyumba ile juu ni kuzima."

"Zote isipokuwa ile, baba. Nimeijaribu. Ukiishusha watu wanapiga kelele."

Baba akakaa vizuri zaidi kwenye boksi lake. Lilikuwa boksi la sahani. Tukasikia sahani.

Mama akajifunika uso na kitambaa cha vyombo. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nilidhani analia, mpaka akapiga chafya ya kicheko.

Kidole alikuwa anahesabu jambo kichwani. Ukimwona ametoa ulimi pembeni, jua hesabu ni kubwa.

"Kwa hiyo," akasema, "kila asubuhi mimi ndiye nilikuwa nazima?"

"Ndiyo," nikasema.

"Na jioni baba ndiye alikuwa anawasha?"

Baba akaanza kulichunguza boksi lake la sahani.

"Basi yale makofi nirudishiwe."

"Nenda kaoge," mama akasema.

"Kwa maji ya moto?"

Mama akarudi ndani ya kitambaa.

Baba akaniangalia. "Na sasa iko wapi?"

"Juu."

"Juu, yaani?"

"Inawaka."

"Umeijua ni adui, umeishika kwa mkono wako, halafu umeiacha inawaka?"

"Baba, hukuliona lile jitu."

Akashika kichwa. Mama akasema si aende tu kwa yule bibi, amweleze, alipe aliyeoga. Baba akamwuliza atamweleza nini. Kwamba aliiwasha mwenyewe, akaigandisha kwa solotepu, akaweka na tangazo wasiizime? Mama akafikiri, akasema kweli, hiyo hata yeye angesikia aibu kuisema.

Ndipo baba akashusha sauti, kwa sababu ya barazani.

"Kaka yuko tayari kulipa deni lote," akasema. "Lakini ameweka sharti. Kosa la mtoto atalilipa, mtoto ni mtoto. Kosa la mtu mzima, mtu mzima alilipe mwenyewe." Akatazama mlango wa barazani. "Mimi tangu tukiwa wadogo ndiye niliyekuwa namfundisha kuzima taa. 'Usichokijua, kizime' ameiandika kwa rangi kwenye ukuta wa tanuru lake. Na jina langu chini."

"Kwa hiyo?" nikasema.

"Toka nje, mwambie ni wewe uliyeiwasha. Ndani ya dakika deni limekwisha, kopo la mama yako haliguswi, na Jumatatu unashika usukani."

Nikafikiria. Jina langu lilishapakwa matope siku nyingi, na tone moja la ziada nani angeliona? Paka, bwana harusi, sasa swichi. Nikakaribia kabisa kukubali. Mkono ulishafika kwenye kitasa.

"Na yale mabuti ni ya nini?" Kidole akauliza.

"Mabuti gani?" mama akasema.

"Mapya. Baba Mkubwa ameyaweka kwenye sofa. Amempima kaka mguu."

Baba akaanza kuusoma ukuta. Ukuta hauna kitu, hatujatundika hata picha.

"Baba Mipango," mama akasema, na kicheko chote kilikuwa kimemtoka. "Kaka yako ameweka sharti lingine lipi?"

"Dogo tu."

"Lipi?"

"Kasema mtoto wa kosa kubwa namna hii hawezi kuachwa hivi hivi. Anaondoka naye leo. Pale tanuruni kuna upungufu wa mtu wa kukanyaga udongo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka deni liishe," baba akauambia ukuta.

Nikahesabu na mimi, ulimi pembeni kama Kidole. Tofali moja ni shilingi ngapi, na ng'ombe na kamba na mchungaji ni matofali mangapi. Ilitoka nyumba nzima ya ghorofa. Kopo lingebaki salama juu ya rafu, limejaa, na mimi ndani ya udongo mpaka magotini, nikipiga gia kwa mguu.

Na nikisema ukweli, Baba Mkubwa anaondoka na mabuti yake, kopo linashuka, Jumatatu inapita kama siku nyingine. Na kule tanuruni wanatafuta rangi ya kufutia ukuta.

"Kumbe Jumatatu nitashika usukani wa udongo," nikasema. "Hilo ulilijua tangu nilipoingia?"

"Nilitaka nikwambie taratibu."

"Wewe ungesema nini, mama?"

"Sikwambii cha kusema," mama akasema. Alikuwa ameshusha kopo, amelikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa. "Nilisema kama siye wewe halifunguki. Sasa siye wewe, na naona linafunguka. Mimi sijui."

"Mwanangu," baba akasema.

Basi. Neno moja. Tangu matokeo ya mtihani yatoke alikuwa hajaniita hivyo. Nilikuwa "huyu" au "mwanao". Alikuwa ameinamisha kichwa chini ya ile taa, nikaona kipara chake kimeanza lini sijui. Nilikuja na ushindi wangu nikiwa nimeushika kwa mikono miwili, na sasa sikuwa na pa kuuweka.

Huko nje sofa ikalia. Baba Mkubwa alikuwa amesimama.

"Kijana," akaita. "Toka uniambie. Na uje na soksi."

Kidole akanipa soksi zangu. Moja nyeusi, moja ya mama.

Nikafungua mlango.

"Ukitoka zima ta..." baba akaanza, kwa mazoea, halafu akalikata neno katikati. Swichi ilikuwa hapo pembeni ya mlango, nyeupe, mpya, na wote wanne tukawa tunaitazama.

"Juu au chini, baba?" nikamuuliza.

Nikaiacha inawaka, nikatoka na soksi zangu mkononi, nikafunga mlango.